Abeti, Akueson na Les Redoutables: okestra ya bibi na bwana, na watu waliopitia mule

Lokua Kanza alizaliwa hapa Bukavu, mwezi wa 4 mwaka 1958. Hilo wengi tunalijua, na tunalisema kwa majivuno kila mara mtu wa Kinshasa akianza kutuambia kwamba muziki ni wa kwao peke yao. Wachache wanajua alijifunzia kazi wapi. Kabla ya Paris, kabla ya albamu yake ya kwanza ya mwaka 1993, kabla ya kukaa kama kocha kwenye The Voice Afrique, alipiga gitaa katika okestra ya mwanamke. Mwanamke huyo aliitwa Abeti Masikini. Okestra iliitwa Les Redoutables, maana yake wa kuogopwa. Na nyuma ya okestra kulikuwa bwana mmoja wa Togo, Gérard Akueson, aliyekuwa meneja, prodyusa na mume, vyote kwa pamoja.

Bandugu, ninataka kueleza namna okestra ile ilivyofanya kazi, juu inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Haikuwa kundi la watu watano wenye sura zilezile toka mwanzo mpaka mwisho. Wapigaji waliingia, wakatoka, wengine wakaingia. Wachezaji vilevile, waitikiaji vilevile. Wawili njo walibaki katikati, bibi na bwana. Na ukichunguza ni nani aliyepitia mule ndani, unashangaa: nusu ya majina makubwa ya kizazi kile yana alama ya nyumba hiyo.

Tuanzie Kisangani. Abeti alizaliwa huko tarehe 9 mwezi wa 11, 1954, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville, na jina lake la cheti lilikuwa Élisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa Lumumba na mkuu wa kwanza wa Province Orientale baada ya uhuru. Mwaka 1961 aliuawa kule Bakwanga, mji tunaouita leo Mbuji-Mayi, katika kundi la wafuasi wa Lumumba waliopelekwa kule na hawakurudi. Mtoto alikuwa na miaka sita. Sitaki kuchezea huzuni ya watu, lakini jambo hili linaeleza kitu: Abeti hakutoka katika familia ya wanamuziki wa baa. Alitoka katika nyumba ya siasa, ya shule, yenye jina zito na kifo kizito. Kuingia jukwaani kwa msichana wa nyumba kama ile, katika Zaire ya wakati ule, kulikuwa na bei yake. Mwanamke anayeimba usiku alipewa majina ambayo sitayaandika hapa.

Jina tunalolijua lilikuja na siasa pia. Mwaka 1972 Mobutu aliagiza watu waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya asili, na Élisabeth Finant akajulikana kama Abeti Masikini. Sisi wa mashariki hatuhitaji mtu wa kututafsiria neno masikini. Na alipoimba kwa Kiswahili, alikiimba kwa mdomo wetu: kuna wimbo wake uitwao "Mutoto Wangu", mutoto, na ile "mu" yetu ambayo walimu wa sarufi wanatukatia pointi.

Mwaka 1971 kule Kinshasa aliingia katika mashindano ya vijana wenye kipaji yaliyoandaliwa na mwimbaji Gérard Madiata. Hakushinda, alitoka wa 3. Lakini Akueson alimuona. Akueson hakuwa mgeni wa kazi hii. Miaka miwili mbele yake alikuwa amesimamia rekodi za Bella Bellow, yule dada wa Togo ambaye sauti yake iligusa Afrika Magharibi yote mpaka ajali ya gari ilipomuua mwaka 1973. Kwa hiyo mtu huyu alijua studio za Paris, alijua nani anafungua mlango gani, alijua bei ya tangazo katika gazeti. Kile alichokosa kilikuwa sauti. Abeti alikuwa na sauti na hakuwa na njia. Wakaungana katika kazi, halafu katika maisha. Ndoa ya karatasi walikuja kuifunga miaka mingi baadaye, Ufaransa.

Haraka waliyokwenda nayo inatisha. Mwaka 1973 Abeti alisimama kwenye jukwaa la Olympia, Paris, na albamu yake ya kwanza ikatoka chini ya Pierre Cardin, ndiyo, yule wa nguo, aliyekuwa na kampuni ya diski pia. Mwaka 1974 akaimba Carnegie Hall, New York. Mwezi wa 9 wa mwaka huohuo alikuwa Kinshasa kwenye tamasha la Zaire 74, lile lililopangwa kwenda pamoja na pigano la Ali na Foreman, akipanda jukwaa moja na Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba, James Brown na B.B. King. Hakuwa amefikisha miaka ishirini. Tuseme ukweli, hata leo ukiwa na simu, intaneti na marafiki elfu tano huko mtandaoni, jaribu kufika Carnegie Hall miaka mitatu baada ya kutoka wa 3 katika mashindano.

Na muziki wenyewe? Hapa njo kuna utamu. Miaka ile Kinshasa ilikuwa inapiga rumba ya Franco na Tabu Ley kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine vijana wa Zaïko Langa Langa, walioanza mwishoni mwa 1969, walikuwa wameondoa tarumbeta na kuongeza kelele ya gitaa. Abeti hakuwa upande wowote. Nyimbo zake za mwanzo, kama "Bibile" na "Aziza", zinatembea karibu na soul na blues ya Wamarekani weusi, gitaa za umeme, sauti inayopanda mpaka inakuwa kilio, halafu inashuka ghafla kuwa hadithi ya bibi kando ya moto. Ndugu yake Abumba Masikini alikuwa pale na gitaa na utunzi. Wengine wanaita muziki ule wa kienyeji ulioboreshwa, wengine wanaita pop. Mimi naona ni jirani wa karibu sana wa rock kuliko rumba, na nitaleta sababu yangu sasa hivi kupitia Marekani, msichoke.

Kwanza tuelewe kwa nini okestra za kwetu ziko legevu vile. Mtu wa nje anafikiri ni tabia mbaya, eti Wakongo hawawezi kukaa pamoja. Hapana. Angalia vyombo. Gitaa ya umeme, amplifaya, ngoma kamili, mikrofoni, sono: vyote vililetwa kutoka Ulaya kwa pesa ambayo kijana wa Matonge au wa Kadutu hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mwenye baa, mfanyabiashara, mkubwa wa serikali, au mwanamuziki aliyekwisha kutajirika. Huyo akinunua vyombo anakuwa mwenye okestra, na jina la okestra linamfuata yeye. Wewe unayepiga unakuja na vidole vyako tu. Unalipwa kwa konseti, au kwa mwezi kama mwezi umekuwa mzuri, na karatasi ya mkataba huioni. Diski ikitoka, jina kubwa ni la okestra au la kiongozi. Jina la mtunzi linaandikwa kidogo chini ya jina la wimbo, kama kiongozi ni mtu wa haki. Haki za mtunzi zilipitia SONECA, na waliopata kitu cha maana kule wanahesabika kwa vidole. Mwaka 2011 SOCODA ilikuja kuchukua nafasi yake, na wanamuziki wetu wanaendelea kulalamika.

Sasa mtu ambaye chombo si chake, jina si lake na mkataba hana, ana silaha gani? Kuondoka. Ni hiyo moja tu. Akiondoka anapeleka kitu ambacho hakuna mtu anaweza kumnyang'anya: mtindo wake. Ukiangalia Zaïko, ilizaa Isifi Lokole mwaka 1974, halafu Yoka Lokole, halafu Papa Wemba akaanzisha Viva la Musica mwaka 1977. Huku kwetu mashariki njia ilikuwa barabara ya Nairobi na Dar es Salaam. Remmy Ongala, mtu wa Maniema, alikwenda kupiga katika Orchestra Makassy ya mjomba wake Dar kabla ya kusimama mwenyewe na Super Matimila. Samba Mapangala akaweka jina la Virunga, volkano za hapa jirani, juu ya okestra ya Nairobi ambayo wapigaji wake walibadilika kila baada ya misimu michache, na jina likabaki.

Les Redoutables ilikuwa ndani ya mfumo huohuo, lakini na tofauti moja: mwenye okestra alikuwa nyumba. Si bosi mmoja na waajiriwa wake, ni bibi na bwana wanaolala chumba kimoja na kugawana kazi. Yeye Abeti alikuwa sauti, jina, mwenye kuchagua nguo na hatua za dansi, mwenye kusimama mbele. Yeye Akueson alikuwa simu, mikataba, ndege, magazeti. Faida yake iko wazi. Uamuzi ulikuwa wa haraka, na pesa haikupotea kati ya msanii na meneja, juu walikuwa na sufuria moja. Wanamuziki wangapi wa Kongo wamelia kwamba meneja amekula? Abeti kama angeibiwa na meneja wake, angekuwa ameibiwa na chakula cha watoto wake mwenyewe.

Ubaya wake nao uko wazi ukifikiri kidogo. Wewe mpigaji wa gitaa ukiwa na neno, unakwenda kwa nani? Ukigombana na kiongozi, umegombana na mke wa meneja. Ukigombana na meneja, umegombana na mume wa kiongozi. Hakuna mlango wa tatu. Nimekuwa katika korali ya chuo kwa miaka miwili, iliyokuwa inaongozwa na wachumba wawili, na nakumbuka namna mazoezi yalivyokuwa yanasimama siku ambazo wao wawili hawasemezani. Sisi ishirini na kitu tulikuwa tunakaa kwenye mabenchi tukisubiri mapenzi ya watu wawili yapate nafuu. Tulicheka, lakini sauti za kwanza mbili nzuri ziliondoka juu ya hiyo.

Kwa hiyo watu walipita. Mbilia Bel aliingia akiwa na miaka kumi na saba hivi, katikati ya miaka ya 1970, mwitikiaji na mchezaji nyuma ya Abeti. Akajifunza kusimama, kupumua, kutazama watu bila kuogopa. Akatoka, akapitia kwa Sam Mangwana, na mwaka 1981 akaingia Afrisa ya Tabu Ley, na hapo Afrika nzima ikamjua. Lokua naye, baada ya kusoma muziki Kinshasa, alipiga gitaa pale kwa muda mfupi, halafu akaenda Abidjan kupiga hotelini, halafu Paris mwaka 1984. Sikiliza kazi zake za baadaye, ule upole, gitaa lisilo na haraka, sauti zinazopandana kama korali ya parokia. Hakuna anayeweza kusema hiyo ni kelele ya Les Redoutables. Lakini nafikiri alichopata pale ni kingine: aliona okestra ya Kongo inaweza kukataa kupiga kile ambacho kila mtu anapiga, na bado ikajaza ukumbi. Kwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hakutaka kupiga sebene maisha yake yote, hilo si somo dogo.

Sasa Marekani, kama nilivyoahidi.

Mwaka 1967 kule Los Angeles, kijana wa Mississippi aitwaye Delaney Bramlett alikutana na Bonnie, dada wa Illinois aliyekuwa ameimba kwa siku chache nyuma ya Ike na Tina Turner. Walioana kwa haraka, ndani ya siku chache. Wakaanzisha kundi, na jina la kundi linasema kila kitu: Delaney & Bonnie and Friends. Delaney, Bonnie na marafiki. Marafiki gani? Wale waliopo wiki hii. Walipiga rock yenye gospeli na soul ndani yake, muziki wa kanisa la watu weusi ulioingia katika baa ya watu weupe. Mwaka 1969 walitoa diski kwa Stax, kampuni ya Memphis iliyojulikana kwa soul, na nyingine kwa Elektra. Hazikuuzwa sana. Lakini wanamuziki walizisikia.

Majira ya joto ya 1969 wakafungua konseti za Blind Faith, kundi la Eric Clapton, Marekani. Clapton, aliyekuwa amechoka na utukufu wake mwenyewe, akaanza kukimbilia basi la wafunguzi. Aliwaona wanacheka, wanaimba pamoja njiani, hakuna nyota. Mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyekuwa rafiki katika kundi lao, akizunguka nao Ulaya, na George Harrison wa Beatles akajiunga kwa siku kadhaa. Diski ya ziara ile ilitoka 1970. Delaney alimsukuma Clapton aimbe kwa sauti yake mwenyewe, akatengeneza naye albamu yake ya kwanza ya peke yake. Duane Allman alipita mule. Leon Russell alipita. Rita Coolidge alikuwa mwitikiaji.

Halafu, katika majira ya mwaka mmoja tu, 1970, nyumba ikabaki tupu. Leon Russell alikuwa anakusanya watu kwa ajili ya ziara ya Joe Cocker, Mad Dogs and Englishmen, na karibu wapigaji wote wa Delaney na Bonnie wakaenda naye, pesa ilikuwa bora. Baada ya ziara ile Bobby Whitlock, Carl Radle na Jim Gordon wakaungana na Clapton, wakawa Derek and the Dominos, na wakatoa "Layla". Mpiga saksofoni Bobby Keys na mpiga tarumbeta Jim Price wakaishia kwa Rolling Stones. Bibi na bwana wakaendelea na marafiki wengine, wakatoa diski nyingine nzuri, lakini mwaka 1972 ndoa ikavunjika, na kundi likafa siku hiyohiyo. Haikuwezekana vingine. Kundi lilikuwa ndoa.

Unaona kwa nini nasema Abeti ni jirani wa hawa kuliko wa Franco? OK Jazz, toka 1956, nayo ilipitisha makumi ya watu, lakini ile ilikuwa kama kampuni: ina bosi, ina manaibu, ina ngazi. Les Redoutables na Friends zilikuwa meza ya nyumbani. Unakula, unaimba, unajifunza, unatoka. Na hakuna anayekuandikia cheti.

Cheti njo tatizo. Delaney na Bonnie waliimba mwaka 1969 wimbo ambao baadaye dunia iliujua kama "Superstar" kupitia Carpenters mwaka 1971. Watunzi walioandikwa ni Bonnie na Leon Russell. Rita Coolidge amesema miaka yote kwamba wazo lilikuwa lake, na jina lake halimo. Kuhusu kile kipande cha piano mwishoni mwa "Layla" amesema vilevile, kwamba alikitunga na Jim Gordon aliyekuwa mpenzi wake wakati ule, na waliolipwa ni wengine. Mimi sikuwa chumbani, siwezi kuhukumu. Lakini naelewa kabisa namna jambo kama hilo linavyotokea. Watu wanakaa usiku, mmoja anaanza, mwingine anaongeza, wa tatu anasema "hapa ubadilishe", na asubuhi mwenye kwenda kwenye ofisi ya haki anaandika majina anayoyakumbuka. Urafiki ni mzuri sana kwa kutunga nyimbo. Kwa kugawa pesa ya wimbo, urafiki ni kitu kibaya kuliko vyote.

Tuongeze mfano wa tatu, ule ambao Bonnie mwenyewe alipitia kwa siku chache. Ike na Tina Turner. Mume alikuwa na kundi, na vyombo, na alimpiga mke. Tina alipoondoka mwaka 1976 hakuwa na kitu, na katika talaka alichosisitiza kubaki nacho kilikuwa jina lake la jukwaani. Jina tu. Wengine walimcheka. Tunajua jina lile lilileta nini baadaye.

Na wa nne uko nyumbani, tena ni mtoto wa Les Redoutables: Mbilia Bel. Tabu Ley alimuoa, wakapiga pamoja miaka ya 1980 nyimbo ambazo mama zetu wanazijua neno kwa neno, hata "Nakei Nairobi" wanaimba mpaka Mombasa. Lakini Afrisa ilikuwa ya Tabu Ley kabla yake, na ikabaki ya Tabu Ley baada yake. Alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1980 alitoka na sauti yake, akaenda kufanya kazi Paris na gitaa la Rigo Star. Alianza upya akiwa nyota tayari. Wapigaji wa kawaida wanaotoka hawana bahati hiyo.

Linganisha sasa na Abeti. Watu wengi, wanaume hasa, wanasema Akueson alimtengeneza. Nimeisikia hata kwa wazee wanaomheshimu: "bila yule Mtogo angekuwa karani". Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya hesabu tu. Akueson alikuwa na ujuzi uleule, simu zilezile na marafiki walewale kwa wasanii wengine. Kama meneja peke yake angetosha, tungekuwa na Abeti kumi. Pia angalia nani alikuwa anawavuta vijana. Msichana wa miaka kumi na saba kama Mbilia Bel hakuingia mule kutafuta meneja wa Togo. Aliingia juu aliona mwanamke amesimama mbele ya wanaume wenye vyombo, na wanaume wanamfuata yeye. Katika Kinshasa ya 1975 hiyo haikuwa picha ya kila siku. M'Pongo Love alianza mwaka uliofuata, na magazeti yakawafanya maadui, kama kawaida, juu nafasi ya mwanamke mmoja tu njo ilikuwa inakubaliwa.

Lakini upande wa pili pia ni kweli: Abeti bila Akueson angeweza kumezwa na okestra ya mwanamume fulani akawa sauti ya nyuma maisha yote. Walihitajiana. Tofauti yao na Delaney na Bonnie ni kwamba hawa wa kwetu walikaa. Zaidi ya miaka ishirini.

Uchumi wa Zaire haukukaa. Toka katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, Zairianisation ikavuruga biashara, diski zikawa ngumu kutengeneza na ngumu kununua. Wanamuziki wakaanza kutoka nchini, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Abeti na mume wake walifanya kazi Afrika Magharibi, halafu wakahamia Paris. Kule wapigaji walikuwa wengine kabisa, watu wa studio wanaolipwa kwa saa, wanaopiga asubuhi na huyu na jioni na yule. Mlango wa okestra ulifunguka mpaka ukawa hauna fremu tena. Na ajabu ya mambo, hapo njo alipata wimbo wake mkubwa kuliko yote: "Je suis fâché", 1986, soukous safi, ya kucheza, ambayo ilipigwa toka Abidjan mpaka Bujumbura. Wapenzi wa zamani wa "Bibile" walinuna. Mimi napenda zote mbili, ila nikiwa peke yangu usiku ninarudi kwa ile ya 1973. Mwaka 1988 alijaza Zénith ya Paris.

Tarehe 28 mwezi wa 9, 1994, Abeti alifariki kwa saratani ya kizazi huko Villejuif, karibu na Paris. Alikuwa na miaka 39. Les Redoutables ilikwisha naye. Hakukuwa na naibu wa kuchukua kiti, juu kiti hakikuwa cha kazi, kilikuwa cha mtu.

Rekodi za tamasha la Zaire 74 zililala katika masanduku zaidi ya miaka arobaini, mpaka mwaka 2017 zilipotoka kama diski ya wasanii wa Afrika waliopiga siku zile. Abeti yumo. Iko mtandaoni, megabaiti si nyingi. Sauti yake utaitambua mara moja. Gitaa, besi na ngoma zilizo nyuma yake ndizo zinahitaji majina. Wandugu wenye baba, mjomba au muzee wa jirani aliyepiga Kinshasa au Kisangani miaka ile, hata kama hasemi mengi, mchezesheni ile diski na muulize mapema nani alikuwa anashika nini. Wazee hawa hawatungoji.